Bukavu: mama mkimbizi wa vita agonga woga kwa vidole

Pa Kadutu, upepo ukitikisa bati, mama mmoja aliyekimbia Kalehe na watoto wanne anashikwa na jasho mikononi. Ni hivyo tangu mwezi wa pili 2025, M23 walipoingia Bukavu. Tarehe 27 ya mwezi ule milipuko ikaua watu kwenye mkutano wa Place de l'Indépendance. Siku hizo hata kifuniko cha sufuria kikianguka, alikuwa anajificha chini ya kitanda mbele ya watoto. Hilo ndilo lilimuaibisha zaidi.

Mama mshauri mmoja akamfundisha kugonga. Kwanza unautaja woga wako na kuupima toka 0 mpaka 10. Kisha kwa ncha za vidole unagonga polepole ubavu wa kiganja, upande wa kidole kidogo, ukisema: «Hata kama nina woga huu, najikubali jinsi nilivyo.» Halafu unapita mwanzo wa nyusi, pembeni ya jicho, chini ya jicho, chini ya pua, kidevu, chini ya mtulinga, chini ya kwapa, mwisho utosini. Unavuta pumzi na kupima tena.

Jirani alimuona akauliza: «Dada, unaita mapepo?»

«Mapepo gani, mama? Nafukuza woga.»

Si dini wala uchawi. Mmarekani Gary Craig aliipanga njia hii miaka ya 1990, akifuata kazi ya mwenzake Roger Callahan, na sehemu zenyewe zinatoka kwa matabibu wa Kichina. Wataalamu bado wanabishana: ni zile sehemu zinazotuliza, ao ni pumzi na kuusema woga kwa sauti? Mama huyu hana haja na ubishi huo. Siku ya kwanza alitoka 9 akafika 6, akalala mpaka alfajiri.

Kugonga hakujamrudishia shamba lake, na kodi ya nyumba inamngoja. Ila amerudi sokoni kuuza sambaza. Kuna vidonda ambavyo vidole peke yake haviwezi. Aliyebakwa, ao asiyelala majuma mengi, aende kwa waganga. Hospitali ya Panzi inatibu mwili, na ina washauri wa roho pia.

Juzi usiku bati lililia tena. Kijana wake wa miaka saba akaanza kujigonga nyusi gizani, akauliza: «Mama, yako ni ngapi?»

«Tano. Na yako?»