Uvimbe Uliokuwa Ukirudi

Mimi ni kuli wa magunia ya mpunga sokoni Morogoro, na mgongo ndio mtaji wangu. Uvimbe uliponiota nyuma ya bega, ukubwa wa punje ya mahindi, niliugundua mapema. Haukuuma. Ukiusukuma kwa kidole unacheza chini ya ngozi, na juu yake una kidoa cheusi.

Magunia yaliusugua mpaka ukafura, ukawa wa moto, ukapasuka. Pamoja na usaha kilitoka kitu cheupe kizito, kama jibini iliyooza. Harufu yake ilinitesa kuliko maumivu. Nyumbani nililala na fulana, kwenye daladala nilisimama mlangoni.

Zahanati moja waliniambia ni jipu. Wakalichana, wakakamua, wakanifunga gozi na kunipa vidonge. Kidonda kikafunga vizuri, kisha uvimbe ukaota palepale, mkubwa zaidi. Kuli asiyebeba halipwi; mke wangu akawa anailisha nyumba kwa vitumbua. Maneno nayo hayakukosekana: huyu kasema saratani, yule kasema nimetupiwa kitu.

Aliyenisaidia ni tabibu wa ngozi aliyesomea Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu 1992. Alikimulika kile kidoa.

“Hili si jipu, baba. Ni sisti. Ngozi imejikunja ndani ikafanya kimfuko, na ngozi inayokufa inajaa humo humo. Wamekukamua, kimfuko wamekiacha.”

Hakunikata siku ile. Uvimbe ukiwa umewaka, kimfuko huchanika ovyo na vipande kubaki, kwa hiyo alitaka utulie kwanza. Nikakaa bila kubeba wala kuugusa, na njaa tunaiona.

Siku yenyewe nililala kifudifudi. Sindano ya ganzi ilichoma hasa. Baada ya hapo nilisikia kuvutwa tu. Alizungusha kisu pembeni ya kidoa, akautoa uvimbe mzima na kimfuko chake, akashona. Kilichotoka kilipelekwa maabara. Majibu: si saratani. Mke wangu alilia palepale kwenye benchi.

Alinionya pia kuhusu keloidi, kwa kuwa ngozi nyeusi huota makovu manene kirahisi, hasa kifuani na mgongoni juu. Kovu lilipoanza kuwasha na kuinuka, nilirudi haraka. Akalichoma sindano za steroidi, sasa limelala.

Siku hizi makuli wenzangu wananivulia mashati. Mmoja ana uvimbe laini mkononi, hauna kidoa, hauumi. Tabibu alimwambia ni lipoma, mafuta tu, auache kama haumsumbui. Wa pili ndiye aliyenitia hofu: wake ni mgumu, hausogei, na umekua haraka. Alitaka kuukamua. Nilimshika mkono, nikampeleka hospitali mwenyewe, na wiki hii tunafuata majibu yake.