Kambi imeisha Nyeri, mlima bado

Kila Februari mabasi ya shule hupanda kutoka Thika kupitia Sagana na Karatina yakiwa yamejaa watoto wenye skafu shingoni. Wanakwenda Nyeri, alikozikwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Wengine huenda likizo ya Agosti. Hupiga hema, hupika kwa kuni, hulala wakitetemeka, kisha hurudi na nguo chafu na hadithi nusunusu. Mzazi hulipa ada, husubiri kituoni, hupokea begi. Basi.

Ipo njia nyingine: mzazi apande Nyeri siku ya kufunga kambi, amchukue mwanawe huko huko, na familia ilale siku mbili. Kiongozi wa kikosi aarifiwe mapema, tena kwa maandishi. Haifai kumwondoa mtoto kambini kwa simu ya dakika ya mwisho.

Pa kuanzia ni makaburi ya kanisa la St Peter's. Baden-Powell alifariki tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake linautazama Mlima Kenya. Kwenye jiwe kumechorwa duara lenye nukta katikati. Mzazi ataona duara tu. Mtoto wa Chipukizi ataisoma: ni alama ambayo skauti huiacha njiani kuwaambia wenzake kwamba amekwenda nyumbani. Hapo mzazi anyamaze, amwache mtoto awe mwalimu. Si mara nyingi mtoto wa miaka kumi na miwili hupata nafasi ya kumfundisha baba yake kusoma.

Katika makaburi hayo hayo amelala Jim Corbett, mwindaji aliyesifika kwa kuwaua chui-milia wala watu nchini India. Alihamia Nyeri mwaka wa 1947 na kuishi Paxtu, nyumba ndogo aliyojengewa Baden-Powell mwaka wa 1938 katika uwanja wa hoteli ya Outspan.

Ziara nyingi za skauti huishia hapo, na hapo ndipo mzazi anapohitajika. Baden-Powell alizaliwa tarehe 22 Februari, siku ambayo skauti humkumbuka. Siku nne kabla ya hiyo, tarehe 18, ndiyo siku ambayo Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti, mwaka wa 1957. Kimathi alikuwa mwana wa Tetu, papo hapo Nyeri, na alikamatwa Oktoba 1956 ukingoni mwa msitu wa Aberdare. Mtoto anaweza kuimba nyimbo zote za kambi na asijue kwamba msitu anaouona upande wa magharibi ulikuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau.

Hoteli ya Treetops, iliyojengwa juu ya mti ndani ya msitu huo, inasimulia yote mawili kwa pamoja. Februari 1952 binti mfalme Elizabeth alilala humo usiku ambao baba yake alifariki, akawa malkia, Corbett alikuwapo. Miaka miwili baadaye wapiganaji wa Mau Mau waliiteketeza, ikajengwa upya. Mtoto atauliza nani alikuwa na haki. Ni swali zuri la kuulizwa ndani ya gari, na familia yenye guka au cucu upande huo ina bahati: wapo wazee waliokuwa watoto wakati vijiji vilipozungushiwa mahandaki, na masimulizi yao hayako katika kitabu cha skauti.

Siku ya pili iwe ya mlima. Kilele cha Batian kina urefu wa mita 5,199, lakini familia iliyochoka haina haja ya kilele. Yatosha kufika lango la Naro Moru na kutembea saa moja au mbili na mwelekezi, mpaka miti mikubwa ianze kuiachia mianzi nafasi. Nyati na ndovu wamo, kwa hivyo mwelekezi si anasa. Ada za hifadhi hulipwa kwa njia ya eCitizen. Ni vyema kulipa kabla ya kutoka mjini, mtandao usije ukagoma langoni. Anayelalamika kuumwa kichwa au kutaka kutapika ateremshwe mara moja, hata kama ndiye aliyejigamba zaidi kambini.

Kuamka mapema kuna faida yake. Alfajiri mlima huwa wazi, theluji iking'aa. Kufikia saa nne mara nyingi mawingu yameufunika na mgeni anaweza kudhani hakuna mlima. Wazee wa Kikuyu waliuita Kirinyaga na kusali wakiuelekea, muda mrefu kabla ya kaburi lolote kuelekezwa huko.

Agosti Nyeri ni baridi na manyunyu, na Aprili ni matope matupu. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri, ila shule huwa zimefunguliwa, hivyo wengi watabaki na Agosti: sweta mbili kwa kila mtoto, na soksi za ziada, kwa sababu zile za kambini hazitafaa tena. Wakati wa kurudi, soko la Karatina liko njiani. Viazi na parachichi ni nafuu kuliko Nairobi, na mtoto aliyepika kwa kuni wiki nzima atakuwa na maoni yake kuhusu viazi vya kuchagua.