Mzuka wa Bibi Arusi

Siku kuu ya Mwaka Mpya wa 2024 tulipata wageni wengi nyumbani kwetu hapa Runazi, wala hawakuja kwa ajili ya chakula. Mpwa wetu asomaye Mwanza alikuwa ametuletea flashi yenye picha za mpelelezi Sherlock Holmes, na kwa kuwa sisi, mume na mke, walimu wote wawili, tunayo televisheni ndogo itumiayo umeme wa jua, habari ilienea tangu kutoka ibada ya asubuhi. Ilipofika saa moja ya usiku chumba kilikuwa kimejaa: wazee vitini, akina mama mkekani, vijana wamesimama mlangoni. Kibanda umiza hutoza fedha. Kwetu ilikuwa bure.

Picha tuliyoichagua jina lake ni The Abominable Bride, yaani Bibi Arusi wa Kuchukiza. Ilionyeshwa na BBC ya Uingereza tarehe 1 Januari 2016, nayo haikuwa katika mfululizo wa kawaida, bali ilitengenezwa iwe ya siku kuu peke yake. Tangu mwaka 2010 mpelelezi huyo alikuwa akionyeshwa kama mtu wa zama hizi, mwenye simu ya mkononi. Katika picha hii wakamrudisha London ya mwaka 1895, mji wa magari ya farasi na taa za gesi. Waandishi wake, Steven Moffat na Mark Gatiss, walilitoa wazo lao katika maneno machache ya hadithi ya kale ya Arthur Conan Doyle, amtajapo mtu mmoja Ricoletti mwenye mguu uliopinda, na mkewe wa kuchukiza, kisha asiseme zaidi.

Maneno yote ni ya Kiingereza, tena ya haraka. Basi mmoja wetu alisimama kando ya kioo, mwingine akashika kidude cha kusimamishia picha, na kila baada ya dakika chache tukaeleza kwa Kiswahili. Picha ya dakika 90 ikawa ya saa tatu, lakini hakuna aliyeondoka.

Habari yenyewe ni hii. Mwanamke aitwaye Emelia Ricoletti, amevaa mavazi ya arusi, asimama roshanini na kuwapiga risasi watu wapitao njiani, kisha ajipiga mwenyewe kinywani, watu wote wakiona. Usiku ule ule aonekana tena, hai, akimwua mumewe. Baadaye bwana mwingine mkubwa auawa nyumbani kwake, na wanaume wa London wakaanza kuogopa giza. Holmes akataa kabisa kwamba kuna mzuka. Mwishowe afumbua: mama yule hakujiua roshanini, bali aliigiza kifo, na mwenzake akarusha damu pazia la nyuma, na alipokwisha kumwua mumewe, kwa kuwa alikuwa na ugonjwa usioponyeka, ndipo akakubali kupigwa risasi ya kweli, ili maiti itakayokaguliwa iwe yake. Waliofuata kuvaa nguo zile za arusi walikuwa wanawake wengine walioonewa na waume zao, wenye chama cha siri.

Hapo chumba chetu kilipiga makofi. Katekista wetu alisimama akasema, "Mmeona? Mzuka ni watu!" Lakini hakufurahi kwamba wanawake wale walikutanika katika kanisa lililoachwa, nyuso zimefunikwa kwa kofia ndefu za ncha.

Kumbe picha ilikuwa haijaisha. Ghafula twamwona Holmes aamka katika ndege ya siku hizi. Alikuwa amekula dawa za kulevya, na mambo yote ya mwaka 1895 yalikuwa ndani ya kichwa chake, kwa kuwa alitaka kujua kama adui yake Moriarty, aliyejipiga risasi, aweza kuwa hai. Tena, kabla ya mwisho, warudi 1895, hata mtazamaji asijue yupi amwotaye mwenziwe. Sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kuiona mara moja, na bado ulimi uliteleza katika kutafsiri.

Vijana wa mlangoni walikasirika. "Ndoto tupu!" wakasema, na wawili wakaondoka bila kuaga. Akina mama wao hawakujali ndoto hata kidogo, walikuwa wakizungumza juu ya mume yule, na mmoja akauliza, "Hao wanawake wangepeleka mashitaka kwa nani?" Wanaume hawakumjibu. Mzee mmoja akasema kuua ni kuua, hata kama aliyeuawa ni mwovu, na mama yule akamwambia, "Baba, sikusema waue. Nimeuliza wangekwenda wapi."

Ndipo jirani yetu mmoja akasema kwa upole, "Asante, Mwalimu, umetueleza vema. Basi ikiwa mpelelezi aliota, na kufumbua kwake nako ni ndoto. Bibi arusi alikuwa mzuka kweli." Akatazama mkekani, upande alioketi kikongwe mmoja mjane.

Hapa yatupasa kurudi nyuma kidogo. Mwezi wa Novemba 2023 mtoto wa jirani huyo alifariki. Zahanati ilisema ni malaria iliyommaliza damu. Lakini mtu aliyefiwa hutafuta sababu iliyo na uso, na maneno yakaanza kumzunguka mjane yule, kwa kuwa aishi peke yake na macho yake ni mekundu. Miaka sitini ya kupuliza kuni zenye moshi, nani asiwe na macho mekundu? Msomaji wa Kanda hii ya Ziwa hahitaji kuambiwa ni vikongwe wangapi waliokatwa mapanga usiku kwa maneno ya namna hiyo. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, yakataza kumtaja mtu kuwa mchawi. Lakini sheria haikai mlangoni pa mjane saa nane za usiku.

Tulijaribu kumjibu jirani. Tulisema kwamba hata ndotoni hesabu ni hesabu, na damu yaweza kurushwa pazia, aliyeota au asiyeota. Akacheka kidogo tu, akavaa kofia yake.

Tulimsindikiza kikongwe kwake kwa tochi. Njiani akauliza, "Wanangu, yule bibi arusi alipomwua mumewe, alikuwa amekwisha kufa au bado?"

"Bado, Bibi. Alikuwa mtu hai kama sisi."

"Mngalisema hivyo kwa sauti kubwa," akasema.

Hatukulala mapema. Tulijua kwamba hata huko Uingereza watu hawakupatana juu ya picha hii. Usiku wa kwanza ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 8, na huko Marekani mwaka ule ule wa 2016 ikapewa tuzo ya Emmy ya filamu bora ya televisheni. Lakini wengi walilalamika kwamba kuruka huku na huku kuliwapotezea njia, na wengine waliona vibaya kwamba wanawake wakusanyika ili mwanamume awaeleze shida zao wenyewe, tena chini ya kofia zinazofanana na za Ku Klux Klan wa Marekani. Hayo yote yana haki yake. Lakini kwao ubaya wa ndoto ile ni kuharibikiwa jioni moja ya siku kuu, kisha wakazima televisheni wakala keki. Sisi hatuwezi kuwalaumu waandishi kwa kutoijua Runazi. Hata hivyo twaona walikosea. Aliyewafungulia watu fundo gumu mbele ya macho yao asiwaambie baadaye kwamba kamba haikuwako.

Shuleni kuna nakala moja ya Mzimu wa Watu wa Kale, jalada lake limekatika. Kitabu hiki kiliandikwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kikashinda shindano la East African Literature Bureau la 1957-58, kikapigwa chapa mwaka 1960. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mvuta kiko kama Holmes, naye hafuatani na daktari bali na rafiki yake Najum. Maiti ya tajiri yakutwa penye mzimu, na watu wengi wawe tayari kuamini kwamba mizimu ndiyo iliyomtwaa. Bwana Msa haamini. Auliza nani alikuwa wapi, na nani apata faida. Wala mwishoni haamki usingizini.

Tukaanza kukisoma kwa sauti barazani, jioni mbili kila juma, tangu katikati ya Januari. Vijana walioondoka kwa hasira walirudi. Jirani yetu alikuja jioni ya tatu, akakaa mbali. Ya nne akakaa karibu. Tulipofika mahali pa kufumbua alituomba turudie kurasa mbili, nasi tukarudia. Hakusema neno. Siku chache baadaye alikuja kutuuliza kama zahanati huandika sababu ya kifo cha mtoto, na kama mzazi aweza kusomewa. Tulikwenda naye. Mganga alimsomea polepole, akamweleza damu humalizwaje na malaria, na kwa nini chandarua cha mtoto chapasa kutazamwa kama kina matundu. Jirani alisikiliza mpaka mwisho, akauliza juu ya chandarua tu. Njia nzima ya kurudi alikwenda mbele yetu.

Maneno juu ya mjane yalipungua. Hatusemi yalikwisha. Mwezi wa Machi alihamia Ngara kwa binti yake. Tuliambiwa ni kwa ajili ya kumsaidia kulea mjukuu, na huenda ndivyo. Ufunguo wa nyumba yake aliuacha kwetu, na kila Jumamosi mmoja wetu huenda kufagia uani.