Maji Yaliyosubirishwa

Nilipokuwa mtoto, nikilelewa na bibi mzaa mama huko Mafisa, mjini Morogoro, mto ushukao kutoka milima ya Uluguru na kuukata mji wetu ulikuwa ndio kisima chetu na ndio hamamu yetu. Nasi tukiteka maji alfajiri, kabla wafuaji hawajafika, kwani bibi alishika kanuni kuwa maji ya kunywa hutekwa kabla ya mtu kuyagusa.

Mji ulipotanuka, na vyoo vya shimo vikasogea hadi ukingoni, samaki waliadimika kwanza, kisha ikaja harufu, hata bibi akaacha kuteka. Sisahau usiku mmoja wa masika, jirani yetu alipotoboa shimo lake ili mafuriko yayachukue yaliyomo, jambo ambalo watu huliita kutapisha choo. Bibi akatoka na kandili katikati ya mvua, akamwambia kwa sauti ya upole, "Baba, huko chini nako kuna watu." Jirani hakujibu, wala hakuziba.

Baadaye mjomba wangu akapata kibarua kwenye mabwawa ya majitaka ya Mafisa, akifyeka nyasi na kuopoa takataka zilizoelea, na kwake ndiko nilikojifunza kwa nini samaki wetu walikufa: uchafu ukiingia mtoni huliwa na bakteria, na bakteria hao, kadiri wanavyokula, ndivyo wanavyoimaliza oksijeni ya maji, hata samaki wakakosa pumzi. Hila ya mabwawa ni kuiacha karamu hiyo ifanyike kwingine. Katika bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, tope huzama na kuozea chini pasipo hewa. Katika la pili, lililo kijani kwa mwani, mwangaza wa jua huufanya mwani utoe oksijeni iwatoshe bakteria. Na katika la mwisho, lisilo na kina, jua lenyewe huua vijidudu vya maradhi. "Mpwa wangu," akaniambia, "hapa hatuna mashine wala dawa, kazi yetu ni kuyasubirisha." Na kusubirisha huko ni kwa siku nyingi, wala si kwa saa.

Sheria ya nchi yetu nayo ina kipimo chake: maji yarudiyo mtoni yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita, kwa siku 5 za kuliwa na bakteria. Lakini bwawa lisilozolewa tope hujaa, na likijaa, maji hupita mbio kama wapita njia; kwa hiyo mzoa tope, ambaye hapana amtajaye, namhesabu kuwa ni mlinzi wa mto sawasawa na hakimu.

Wala si nyumba zote zilizofikiwa na bomba la majitaka. Wengine huita boza likanyonya yaliyomo shimoni na kuyapeleka bwawani, nao nawashukuru kwa dhati. Ila wako ambao hata leo huingoja masika. Kwenu nyinyi nawasihi kwa maneno yale yale ya bibi, maana mto Morogoro huingia Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanywewayo Dar es Salaam.