Mtoto Huyu ni wa Nani?

Watu wakisikia kwamba niliolewa ng'ambo huniuliza habari za mambo matatu: baridi, lugha na chakula. Nami huwajibu kwamba baridi huzoeleka, lugha hujifunzwa kwa machozi, na sato wa ziwa letu hana mwenzake. Jambo la nne, ambalo lilinichukua miezi kumi na minne na kuninyima usingizi wa usiku mwingi, ni nadra mtu kuliuliza. Nilikuwa na mtoto.

Mwanangu alizaliwa Mwanza mwaka 2005, nami nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, sijaolewa. Baba yake alikuwa fundi wa injini za boti pale Kirumba. Hakuikana mimba, wala hakuleta mahari. Alileta dagaa, madaftari, na pesa kila alipozipata. Kazi yangu ya uuzaji dukani haikuniruhusu kulea, kwa hiyo mtoto alipoacha kunyonya nilimpeleka kwa mama yangu Sengerema, nami nikawa navuka kwa pantoni ya Kigongo kila Jumamosi jioni kwenda kumwona. Ndugu msomaji, kama unaishi kanda ya ziwa huhitaji kuelezwa maisha hayo. Nusu ya akina mama niliokuwa nikipanda nao pantoni ile walikuwa na safari kama yangu.

Mwaka 2013 nilikutana na bwana wangu. Alikuwa fundi wa vifaa vya hospitali, mtu wa Würzburg, mji ulio kando ya mto Main kusini mwa Ujerumani. Wengi hawajui kwamba Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu mwaka 1966, na kwamba ni katika mji huo ambapo Röntgen aligundua miale ya eksirei mwaka 1895. Bwana wangu aliyafahamu yote mawili na aliyasimulia mno. Mwanangu, kwa upande wake, alimfahamu Mjerumani mmoja tu, naye ni Bismarck. Tena alimfahamu kama jiwe lililosimama majini pale Mwanza, si kama mtu aliyepata kutawala nchi.

Tulifunga ndoa ya serikali mwezi wa Novemba mwaka huo, baada ya tangazo letu kubandikwa siku ishirini na moja kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyotaka. Siku hizo ishirini na moja zilitosha kwa maneno ya mtaani. Ile filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, iliyoonyesha marubani wa ndege za minofu ya sangara pamoja na wanawake wa mji wetu, na ambayo Rais Kikwete aliilaani hadharani mwaka 2006, ilikuwa bado haijasahaulika. Mwanamke wa Mwanza akionekana na Mzungu, watu walikwisha kuiona hadithi yake kwenye televisheni. Hayo niliyaacha yapite. Lililonikaa moyoni ni ushauri wa watu walionipenda: "Tangulia wewe kwanza. Ukishatulia utamwita mtoto."

Ushauri huo una akili ndani yake. Mke wa Mjerumani, tangu mwaka 2007, hudaiwa kufaulu mtihani wa lugha wa daraja la A1 kabla ya kupewa visa, na bwana harusi alikuwa amekwisha kurudi kazini kwake. Kila mwezi wa kungoja ulikuwa mwezi wa nauli ya basi kwenda Dar es Salaam na wa ndoa ya kwenye simu. Lakini niliwajua watoto wawili wa mtaani kwetu ambao "wangefuata baadaye". Sheria ya Wajerumani humpokea kwa wepesi mtoto aliye chini ya miaka 16. Akivuka hapo bila kusafiri pamoja na mzazi wake, huanza kudaiwa lugha na mengineyo. Mmoja wa watoto hao alifika miaka 16 akiwa bado anangoja. Mama yake alikuwa akimtumia viatu vya namba aliyoiacha nayo. Nikasema: tutaondoka wawili, ama hatuondoki.

Kumbe kuondoka wawili ni kujibu swali moja mara nyingi: mtoto huyu ni wa nani?

Mwanangu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alikuwa na ile karatasi ya tangazo la kizazi inayotolewa hospitalini, imekunjwa mara nne ndani ya Biblia ya mama yangu. Nilipokwenda kushughulikia cheti, mtu mmoja anayejipatia riziki kwa kuwajazia wenzake fomu aliniita pembeni. Kwa kuwa hatukuoana, akaniambia, jina la baba haliandikwi isipokuwa sisi wawili tuombe kwa pamoja. "Acha nafasi ya baba wazi," akasema. "Ikiwa wazi, hakuna wa kuombwa kibali, na ndani ya muda mfupi umekwisha kuruka."

Alisema kweli, na ndiyo maana maneno yake yalinitisha. Ubalozi hutaka uthibitisho kwamba mzazi anayesafiri ndiye mlezi peke yake, ama idhini ya mzazi wa pili. Mtoto asiye na baba kwenye cheti ni mtoto mwepesi kusafirisha. Usiku ule nilijaribu kufikiri jinsi nitakavyomweleza mwanangu, akiwa na miaka ishirini, kwa nini karatasi yake ya kwanza duniani inasema hana baba, hali mtu yule alimfundisha kuogelea kwa kumshika tumbo pale mwaloni. Sikupata maneno. Kesho yake nikaenda Kirumba kumtafuta baba mtu.

Hakukataa. Alisema jambo kama hilo si lake peke yake, akaniita mbele ya wazee wake. Hapo nikasikia sheria tatu zikigombana katika uga mmoja. Baba yake mkubwa, Msukuma wa zamani, alikiri kwamba kwa mila mtoto ambaye ng'ombe hawakutolewa ni wa ukoo wa mama. Sheria za mila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 zilisema vivyo hivyo, zikamwachia baba nafasi ya kumhalalisha mtoto kwa kulipa Shilingi 100 kabla hajaacha kunyonya. "Nafasi hiyo tuliikosa," mzee akasema, na wote wakacheka kidogo. Shangazi mtu akauliza kama basi mtoto ni wangu kabisa. Kijana mmoja aliyesoma akajibu la, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa kila mtoto haki ya kumjua mzazi wake na kutunzwa naye, iwe wameoana au hawakuoana, na imefuta ile sheria ya mkoloni ya mwaka 1949 iliyomtoza baba wa mtoto wa nje matunzo yasiyozidi Shilingi 100 kwa mwezi. (Sijui kwa nini watawala walipenda mia moja kiasi hicho.)

Baba mtu alisikiliza yote. Kisha akauliza, si kwa ukali: "Akiugua huko, mimi nitapanda nini nimfikie?"

Sikuwa na jibu, wala mtu mwingine hakuwa nalo. Mtu anayetengeneza injini anajua umbali ambao injini yake haifiki. Alitoa masharti mawili: mtoto asibadilishwe jina, na kila Jumapili aisikie sauti yake. Tulikwenda kwa wakili, akaapa kiapo cha idhini na kutia sahihi. Mkono wake ulikuwa na grisi, akaufuta kwenye suruali mara mbili kabla ya kushika kalamu.

Ofisi zote zilizofuata zilitaka karatasi ile, zikaigonga mihuri, zikanirudishia. Ni afisa ustawi wa jamii mmoja tu, mama wa makamo, aliyeniambia nitoke nje ili azungumze na mtoto. Sheria ile ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, lakini nilikuwa sijaona mtu akiitumia. Baadaye aliniambia kwamba alimwuliza kama anataka kwenda Ulaya na mama yake. Mwanangu alinyamaza sana, kisha akasema: "Nikienda, nani atamsomea bibi meseji?"

Mama yangu hasomi. Pesa nilizomtumia kwa M-Pesa zilifika kwa ujumbe, na mwenye kuusoma alikuwa mjukuu wake wa miaka minane. Yeye ndiye aliyempigia hesabu ya pesa iliyobaki, na aliyejua namba ya mtu wa kumwita usiku. Mimi nilikuwa nimeshinda mwaka mzima nikijibu mtoto ni wa nani: wa mama, wa baba, wa ukoo upi, wa nchi ipi. Yeye alifikiri upande wa pili, yaani ana nani, na nani ana yeye. Nilimzaa mimi, lakini katika nyumba ile ya Sengerema nilikuwa mgeni wa Jumamosi. Kumchukua kulikuwa haki yangu, nami sijapata kuitilia shaka haki hiyo. Mtoto ana faida ya kukua karibu na mama yake. Lakini haki hiyo ililipwa na mtu mwingine, naye hakutajwa katika karatasi yoyote.

Binti wa kaka yangu, aliyekuwa darasa la tano, alihamia kwa bibi. Wiki nzima kabla ya safari mwanangu alimfundisha kazi: namba hii ni ya nani, miwani inakaa wapi, pakacha la michembe huwekwa juu ya kabati ili panya wasilifikie. Tuliondoka Januari 2015. Mama hakuja kutusindikiza. Alisema ana palizi.

Ya Würzburg nitayafupisha. Mtoto aliingizwa katika darasa la mpito la watoto wageni, na kufikia mwisho wa mwaka ule darasa lilijaa watoto wa Syria na Afghanistan, maana ndio mwaka watu karibu laki tisa walipoingia Ujerumani kuomba hifadhi. Ilimshangaza kwamba wenziwe walikuja kwa mashua za mpira. Kwa mtoto wa ziwani, aliyekua akisikia habari za MV Bukoba na watu waliozama mwaka 1996, hilo halikuhitaji tafsiri. Bwana wangu hakutaka kuitwa baba kwa lazima. Mtoto alimwita Anko kwa muda mrefu, kisha siku moja akamwita kwa jina lake tu, kama Wajerumani wafanyavyo, nami nikaona aibu kwa desturi zetu. Mwenyewe alifurahi. Jumapili simu ilipigwa Kirumba bila kukosa, na ilipoisha ikapigwa Sengerema, ambako ilikuwa lazima aanze kwa *ng'wangaluka* hata kama ni jioni, ili bibi apate la kumsahihisha.

Sasa ana miaka ishirini na ushei, ni mrefu kuliko baba zake wote wawili. Tangu Juni 2024 Ujerumani humruhusu mtu kupata uraia wake bila kuuacha ule wa kwanza. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 haikubali hivyo kwa mtu mzima: akichukua wa kwao kwa hiari yake, wa kwetu unakwisha. Fomu alizijaza mwaka jana, zikabaki sehemu ya sahihi. Bwana wangu alimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba zitamsaidia katika kazi. Baba yake wa Kirumba alimwambia afanye linalomfaa.

Mwaka 2025 tulikwenda nyumbani, tukavuka kwa gari juu ya daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni. Mama yangu amezeeka sana, na simu yake siku hizi husomwa na kitukuu. Mwanangu alikaa naye wiki tatu. Tuliporudi Würzburg alizitoa zile fomu, akazitazama, akazirudisha kwenye droo. Nikamwuliza anangoja nini.

"Bibi akifariki," akasema, "niombe ruhusa ya kuingia kwenda kumzika?"