Kompyuta wa Reli ya Kati

Sunday Ramadhani Manara, mshambuliaji wa Yanga na Taifa Stars wa miaka ya 1970, ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Alizaliwa mwaka 1952 katika familia yenye asili ya Kigoma. Alipoichezea Heracles ya Almelo, mji wa viwanda vya nguo mashariki mwa Uholanzi, katika msimu wa 1977/78, Mbwana Samatta alikuwa hajazaliwa, na hangezaliwa kwa karibu miaka kumi na mitano zaidi. Haya inabidi yasemwe mapema. Kijana wa leo akiulizwa nani aliwatangulia Watanzania Ulaya, hujibu Samatta bila kusita. Na akitajiwa jina la Manara humfikiria Haji, msemaji aliyevuma akiwa Simba, kisha akahamia Yanga. Haji ni mwanawe.

Kigoma ni mwisho wa njia ya kati, ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Unyanyembe, ilipo Tabora, hadi Ujiji, zaidi ya kilomita 1,200 kwa miguu. Ujiji hujulikana kwa wageni kwa sababu ya mwembe ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Stanley aliandika kuwa ilikuwa Novemba 10, wengine waliochunguza shajara wanairudisha nyuma hadi Oktoba, na wenyeji hawajawahi kuumizwa kichwa na tofauti hiyo. Muhimu kwao ni watu walioletwa na njia: Wamanyema kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Waswahili wa pwani, Wanyamwezi waliobeba mizigo. Watu haohao walijenga mitaa ya Tabora, na baadaye wakawa sehemu ya Kariakoo, ambako Msikiti wa Manyema unatosha kuwa ushahidi. Kwa hiyo mtoto wa ukoo wa Kigoma kuonekana akicheza mpira Dar es Salaam hakukuwa na ajabu yoyote. Njia ilikwishatengenezwa, na tangu mwaka 1914 reli ilikuwa imefika ziwani.

Aliyetangulia uwanjani alikuwa kaka yake Sunday, Kitwana, aliyeitwa "Popat". Kitwana alikuwa na kipaji cha aina yake: alidaka golini, kisha akageuka mshambuliaji. Juni 1, 1968, Yanga ilipoifunga Sunderland, ambayo ndiyo Simba ya leo, mabao 5-0, Maulid Dilunga alifunga mawili, Salehe Zimbwe mawili, na Kitwana moja. Mdogo wao mwingine, Kassim, naye alifuata, na baadaye akacheza Austria. Sunday alikua katika kivuli cha jina la Kitwana, jambo linaloweza kumsaidia kijana au kummaliza.

Alikuwa mshambuliaji wa kuhesabu, aliyeweza pia kurudi nyuma akacheza kiungo. Watazamaji walimwita Kompyuta. Jina hilo lina kichekesho chake: mwaka 1974, wakati sifa zake zikiwa juu kabisa, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni, baada ya mashine za kukokotoa mishahara ya watumishi wa serikali kuleta hasara na usumbufu. Kompyuta pekee ambayo mwananchi wa kawaida aliijua ilikuwa na miguu miwili na ilivaa jezi ya njano na kijani.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990. Maana yake ni kwamba mpenzi wa Yanga wa Gongoni, Isevya au Ng'ambo mjini Tabora alimjua Sunday Manara kwa sikio. Redio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza mechi, na mtangazaji ndiye aliyeamua kama chenga ilikuwa nzuri. Redio ya betri iliwekwa juu ya kaunta ya duka, kati ya mizani na debe la mafuta ya taa. Mwenye duka alianika betri juani tangu asubuhi ili zipate nguvu za kufika dakika ya tisini. Wasikilizaji walikaa barazani. Aliyechelewa hakuruhusiwa kuuliza matokeo hadi mpira utoke nje. Mwenye duka huyo wa kila mtaa alikuwa na mamlaka ambayo viongozi wa soka wa leo wangeyatamani: mtu mmoja aliyezidisha kelele alifukuzwa, na ikiwa alikuwa na deni la sukari, alidaiwa hapohapo.

Magazeti yalifika baadaye, kwa treni. Ndani ya behewa lililotoka Kigoma harufu ilikuwa moja, ya dagaa na migebuka mikavu, na ilikaa kwenye mikeka, kwenye nguo na kwenye kurasa za gazeti alilofungia mtu mzigo wake. Abiria waliotoka Dar es Salaam walileta harufu nyingine, ya sabuni na mafuta ya nazi. Pale kwenye stesheni ya Tabora harufu hizo mbili zilikutana, katikati ya akina mama wenye karanga za kuchemsha na wauza asali waliofunga chupa kwa gunzi la mahindi. Tabora ni njia panda ya reli: tawi moja linakwenda Kigoma, jingine Mwanza. Yeyote aliyetoka Dar es Salaam kwenda Mwanza kwa treni alilazimika kupita hapo.

Hilo lilikuwa na maana Agosti 1974. Bingwa wa Ligi ya Taifa alipaswa kupatikana kati ya Simba na Yanga, na mechi ilipangwa Uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Tarehe inayokubalika ni Agosti 10. Simba ilitangulia kwa bao la Adam Sabu. Muda ulikuwa unakwisha Gibson Sembuli aliposawazisha, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili. Yanga 2, Simba 1. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini na ushei alikuwa ameamua ubingwa wa nchi, mbali na Dar es Salaam, mbele ya watu wa kanda ambazo kwa kawaida zilisubiri habari tu. Mabao mengi yamefungwa tangu hapo kwenye viwanja vizuri zaidi, lakini ni machache yanayosimuliwa na watu wengi kiasi hicho ambao hawakuyaona. Mwaka uliofuata Yanga ilitwaa Kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati, Zanzibar, baada ya kuifunga Simba 2-0 katika fainali.

Malipo ya umaarufu huo hayakulingana nao. Soka lilikuwa la ridhaa: mchezaji aliajiriwa na shirika au kampuni, akapewa ruhusa ya kwenda mazoezini, na akiumia alibaki na kazi yake, kama ipo. Mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 alikuwa na masharti bora kuliko hayo. Kabla ya kuinua mzigo alikubaliana ujira wa vitambaa na posho ya njiani, na msafara usipomlipa aliweka mzigo chini.

Klabu nazo hazikuwa na utulivu. Mgogoro ndani ya Yanga ulizaa Pan African mwaka 1976, na wachezaji kadhaa wakubwa walihamia huko, akina Manara wakiwamo. Pan iliwakusanya pia Leodegar Tenga, Jella Mtagwa na Mohamed Rishard "Adolf". Yanga iliyobaki ilifungwa na Simba mabao 6-0 Julai 19, 1977, Abdallah Kibadeni akifunga matatu. Wazee wa Yanga hupendelea kueleza kipigo hicho kwa mgogoro. Wazee wa Simba hueleza kwa Kibadeni.

Mwaka huohuo Sunday alikuwa Almelo. Heracles ilicheza ligi daraja la pili la Uholanzi, na leo wapo wanaotumia hilo kuipunguza safari yake. Hoja hiyo haina uzito. Hakukuwa na wakala, hakukuwa na video ya kutuma, na hakukuwa na Mtanzania aliyewahi kurudi kutoka huko akaeleza baridi ikoje kwa mtu wa mbavu nyembamba. Baada ya Uholanzi alicheza New York, kisha Austria katika klabu ya St. Veit, na akamalizia Ghuba, Al Nasr ya Dubai. Alizunguka mabara matatu, na nyumbani alikumbukwa kwa bao la Mwanza.

Baada yake mlango haukufunguka sana. Miongo miwili na zaidi ilipita huku wachezaji wengi wakijaribiwa hapa na pale na kurudi. Samatta aliyefika mbali zaidi hakuanzia Ulaya. Mwaka 2011 alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, safari ya kuelekea magharibi ambayo watu wa Unyamwezi waliijua tangu siku za Msiri, aliyetoka kwao akajenga himaya Katanga kwa biashara ya shaba na pembe. Katika mji huo Samatta alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2015, akahamia Genk Januari 2016, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa.

Kigoma yenyewe ilipata siku yake Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho ilipochezwa Uwanja wa Lake Tanganyika na Simba ikaifunga Yanga 1-0. Tabora ilipata timu ya Ligi Kuu kwa njia ya ajabu zaidi. Kitayosce, klabu yenye asili ya Kilimanjaro, ilihamia mjini hapo. Agosti 2023 ilifungua msimu dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu, na mechi ikavunjika mapema Azam ikiongoza 4-0. Ikabadili jina kuwa Tabora United. Mji uliokuwa na wapenzi wa soka kabla ya kuwa na umeme wa uhakika ulistahili klabu iliyozaliwa kwake.

Hata hivyo, Novemba 7, 2024, Tabora United iliifunga Yanga 3-1 jijini Dar es Salaam, mchezaji wake Offen Chikola akifunga mawili. Kilichofuata kingeweza kutabiriwa na yeyote aliyewahi kukaa barazani kusikiliza redio. Mwaka 2025 Chikola alisajiliwa na Yanga, na klabu aliyoiacha ikabadili jina tena, safari hii kuwa TRA United, chini ya Mamlaka ya Mapato.