Siku Mtoto Alipoogopa Mama Kuliko Giza



Tumeombwa wiki hii kuandika juu ya moyo wenye nguvu na mapatano ya nyumbani. Tungeweza kurudilia yale tuliyosoma ISP hapa Bukavu, maana somo la saikolojia ya mtoto tulilifaulu kwa 14 juu ya 20. Lakini afadhali tueleze jambo lililotupata nyumbani mwetu, kwa sababu siku hiyo zile 14 hazikutusaidia kitu. Tunasema "sisi" kwa kuwa tulipolieleza jambo hili kikundini, wamama wengi walijibu: "Mwalimu, hata kwangu ni hivyo."

Ilikuwa siku ya nne, wakati wa mvua. Asubuhi direkta alitukaripia mbele ya walimu wenzetu juu ya daftari la pointi lililochelewa. Hatukujibu. Tukaingia darasani, watoto 71, wanne kwenye banki moja. Tangu masomo ya msingi yalipokuwa ya bure mwaka 2019, watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani wameingia shuleni, na hiyo ni furaha, lakini mabanki hayakuongezeka pamoja nao. Na mshahara, wamama wote wa hapa wanajua: tangu benki zilipofunga mwezi wa pili 2025, pesa ya mwalimu imekuwa kitu cha kungojea. Baba watoto naye kazi yake ilisimama mwaka huohuo. Siku hiyo alikuwa ameketi kimya kwenye kiti chake, na kimya kile kilituchoma kuliko maneno.

Tulifika nyumbani tumelowa. Sahani za asubuhi hazijaoshwa, makala yameisha. Tukampa binti yetu wa miaka 9 franka 5 000, noti ya mwisho, aende kununua makala. Tukamwambia kwa sauti ya ukali: "Fanya upesi. Na ukipoteza hizo franka, usirudi humu nyumbani!"

Ni neno ambalo mama anasema bila kulifikiri, mara ngapi kwa wiki! Lakini mtoto alilisikia jinsi lilivyo.

Saa kumi na mbili hajarudi. Saa moja giza limeingia, hajarudi. Baba watoto akachukua njia ya juu, sisi tukashuka ngazi za Kadutu na taa ya simu, tukiuliza kila mlango. Wamama, hakuna haja ya kuwaeleza mawazo ya mzazi anayetafuta binti yake usiku katika mji wetu huu. Tulimkuta karibu saa mbili, chini karibu na soko, ameketi juu ya bido kando ya mama mmoja muuza sambaza aliyekuwa akipanga vitu vyake. Pesa ilikuwa imemponyoka njiani, katika matope. Yule mama akatuambia polepole:

"Mama, mimi nilitaka nimufikishe kwenu, akakataa. Aliniambia: niko naogopa mama kuliko giza."

Hatukumpiga. Msifikiri ilikuwa ni wema. Miguu yetu iliishiwa nguvu. Tulimshika mkono, tukapanda naye bila neno.

Usiku ule hatukulala. Tulijiuliza hasira ile ilitoka wapi. Je, ilikuwa ya mtoto? Mtoto alikuwa hajakosa kitu bado tulipomkaripia. Ilikuwa ya direkta, ambaye hatukumjibu. Ilikuwa ya mshahara, ambao hauna masikio. Ilikuwa ya baba watoto, ambaye tulimpita bila kumsalimia. Sisi tunaoishi kwenye vilima tunajua: maji ya mvua hufuata mteremko. Anayekaa juu anamwaga, anayekaa chini anapokea matope. Na katika nyumba, anayekaa chini kabisa ni mtoto. Yeye hana wa kumshushia, isipokuwa mdogo wake. Kweli, tulikuwa tumeisha kusikia binti huyo akimfokea kaka yake mdogo kwa maneno yetu yaleyale, na tulicheka!

Kesho yake tuliamua kumwomba msamaha. Bibi ya watoto, mama wa baba watoto, alikuwa kwetu, na alisikitika. Alisema: "Mukubwa akiomba mutoto musamaha, kesho mutoto atamupanda kichwani." Tunamheshimu sana, na ndivyo sisi pia tulivyolelewa. Tulimjibu: "Mama, mutuvumilie. Tunaogopa siku ile atapotea asirudi."

Jioni, tukitwanga sombe pamoja na mtoto, tulimwambia: "Lile neno la usirudi, tulikosa. Pesa ikipotea, utarudi na utasema, na tutazungumza. Nyumba hii ni yako."

Akawaza kidogo. Akauliza: "Hata nikipoteza dola?"

"Hata dola."

Akatwanga tena, kisha akacheka. Tukamwonyesha jinsi ya kufunga noti kwenye pembe ya kitambaa, maana kuomba msamaha si kusema kwamba pesa haina maana. Bibi alitutazama bila kusema kitu. Lakini usiku tulimsikia akimwita mjukuu alale karibu naye.

Siku ya posho, baada ya likelemba, tulilieleza jambo hili kwa kikundi. Hapo mama mmoja mzee, mchuuzi wa ndizi tangu ujana wake, akatupa fundisho ambalo hatukulipata katika kaye zetu zote. Yeye, kabla ya kuingia nyumbani, husimama kwenye mlango na kuosha miguu, hata siku ya jua. Wakati maji yanapita, anataja kwa sauti ndogo kile kilichomuumiza: "Mteja fulani amenitukana. Ndizi zimeoza." Kisha anaingia. Alisema: "Matope ya njia yabaki njiani."

Tangu hapo tumejaribu, na tunawaletea yale yaliyotufaa.

La kwanza, kutaja. Hasira isiyo na jina inaangukia yeyote aliye karibu. Tukifika sasa, tunamwambia baba watoto: "Leo direkta ametuaibisha. Tumechoka. Si kwa sababu yenu." Maneno ni machache, lakini mara ya kwanza tulipoyasema, naye alifungua kinywa. Alisema kwamba kila siku anapotuona tunaenda kazini na yeye anabaki, anajiona kama mgeni katika nyumba yake. Miezi yote ile tulidhani kimya chake ni kiburi, kumbe ilikuwa haya. Mshahara haukufika siku hiyo, lakini tulikula bugali kwenye sahani moja.

La pili, kusema kosa bila kumsema mtu. "Sahani hazijaoshwa" ni neno lenye dawa: zioshwe. "Wewe ni mvivu kama shangazi yako" halina dawa, linabaki moyoni. Hata darasani tumeliona: mtoto anayeambiwa "hesabu hii si sawa, anza tena" anashika biki, anayeambiwa "kichwa chako ni kigumu" anaiweka chini.

La tatu, kuwa na mtu mmoja wa kumwambia. Moyo wenye nguvu si moyo unaobeba peke yake. Hata mzigo wa makala, kuna mwenzako anayekusaidia kuutwika.

Lakini tusichanganye mambo. Tunapozungumza juu ya kuvumilia, hatumwambii mama yeyote avumilie kupigwa. Uchovu wa kila siku tunaweza kuusaidia kwa kuosha miguu na kuzungumza. Mkono unaopiga, kitisho, na kulazimishwa, hayo si mambo ya kuficha kwa jina la ndoa. Umwambie mtu unayemtumaini, na utafute msaada. Na mama ambaye hapati usingizi wiki nyingi, analia bila kujua sababu, au mawazo ya yaliyompata yanamrudilia mchana na usiku, huyo si dhaifu, wala si mtu wa kusemwa mtaani. Hapa Bukavu, Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Mukwege mwaka 1999, inatunza mwili wa mwanamke na pia moyo wake. Kwenda kuzungumza na watu waliosomea kazi hiyo si aibu, kama vile si aibu kupeleka mtoto mwenye homa kwenye kituo cha afya.

Msifikiri nyumba yetu sasa ni mbinguni. Wiki mbili hazikupita, tukapiga makelele tena, kwa ajili ya kaye iliyolowa. Tofauti ni kwamba safari hii tulijisikia wenyewe, tukatoka nje, tukapumua, tukarudi kumaliza mazungumzo kwa sauti nyingine. Nguvu ya moyo, kwa jinsi tunavyoielewa leo, ni kurudi upesi baada ya kuanguka.

Mwezi uliopita tulikuwa uani tukianika nguo. Tulisikia kitu kikivunjika ndani. Zamani, baada ya sauti kama hiyo, tungesikia miguu ikikimbia kuelekea njiani. Safari hii miguu ilikuja upande wetu. Binti yetu akasimama mbele yetu, amekunja mikono, anatetemeka kidogo.

"Mama, nimevunja sahani ya bibi. Ile ya maua."

Ilikuwa sahani nzuri, na bibi aliipenda. Tulikasirika, ndiyo. Lakini tulimshukuru kwanza kwa kuja kutuambia, kisha tukachukua ufagio, tukaenda naye kuokota vipande.

Wamama, wiki hii tujaribu jambo moja tu: kabla ya kuingia nyumbani, tusimame mlangoni, tutaje kilichotuumiza, tuache matope hapo. Siku ya posho tutaulizana imekuwaje.